Mkomaindo: Nilipeleka picha, nikatumwa malimba

MSOMAJI wangu, ukimwona mtu mzima na mvi zake anapanda basi la kusini alfajiri huku amekumbatia shetani, usikimbilie kumwita mwehu. Yawezekana anakwenda kumwona mgonjwa.

Ndivyo yalivyonikuta mimi mwezi wa Julai. Usiku nilipigiwa simu kutoka Masasi. Aliyepiga ni binti wa mjomba wangu, na hakuwa na salamu nyingi.

"Kaka, baba amelazwa Mkomaindo. Kidole kimeoza, madaktari wanataka kukikata, yeye hataki hata kusikia. Wewe ndiye mpwa wake. Njoo useme naye."

Sasa wewe usiyetoka kusini utauliza, kwa nini atafutwe mpwa wakati watoto wa kuzaa wapo? Kwetu sisi Wamakonde, kama ilivyo kwa ndugu zetu Wamakua na Wayao, ukoo tangu asili unafuata upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti kwa watoto wa dada yake, na wao ndio watu wake. Siku hizi mambo yamechanganyika, kila mtu na nyumba yake. Lakini likija zito, bado mpwa anatafutwa.

Basi nikaanza kufikiria zawadi. Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza. Mgonjwa kwetu hupelekewa sukari, mikate na soda. Mjomba ana kisukari! Nikizunguka sebuleni na kukuna kichwa, macho yakatua ukutani, kwenye picha niliyoinunua wiki tatu kabla, kwa sh. 80,000/=, kutoka kwa kijana mmoja anayechora karibu na Mwenge. Ni picha ya mtu anapiga malimba. Na mjomba wangu, tangu nimemfahamu, ni mpiga malimba. Nikaitungua, msumari ukabaki peke yake.

MTU WA VIDOLE VIWILI

Ngoja nikueleze hiyo picha ilivyo. Ina futi mbili kwa tatu, imechorwa juu ya turubai. Mpigaji amekaa kwenye kigoda, tumbo mbele, masikio makubwa kama majani ya mgomba, mdomo wazi mpaka jino la mwisho. Kavaa kaptura nyekundu. Mguu mmoja umenyanyuka, unapiga mdundo hewani. Malimba yenyewe ni ya bluu, na vyuma vyake ni vya njano kama mahindi. Nyuma yake ni vidoadoa vyeupe na kijani, utadhani sauti imemwagika hewani ikaganda. Na kila mkono una vidole viwili tu. Kumbuka hapo, tutarudi.

Mwenye kujua mambo ya uchoraji atakwambia mara moja kwamba kijana yule ananywa kisima cha George Lilanga. Huyu Lilanga ni Mmakonde wetu, aliyezaliwa mwaka 1934 huku huku kusini. Alianza kwa kuchonga vinyago. Alipokwenda Dar es Salaam alipata kazi Nyumba ya Sanaa, na kazi yenyewe, usicheke, ilikuwa ulinzi wa usiku. Baadaye wakubwa wakagundua kwamba mlinzi wao ana mikono ya ajabu. Akahamishia mashetani ya vinyago vya Kimakonde kwenye picha: wenye masikio, matumbo na vidole vya kuhesabu, wanacheza, wanapika, wanagombana, wanapiga muziki. Mwaka 1978 kazi zake zilifika Washington, Marekani. Alipofariki Juni 2005, picha zake zilikuwa zimekwishatembea Ulaya na Japani kuliko mabalozi wengine.

Jirani yake kwa asili ni Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hapo upande wa pili wa Masasi. Huyu aliwahi kufanya kazi Hospitali ya Muhimbili, akaanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vibao, na mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora, na jina lake likageuka jina la aina nzima ya picha!

Nimesema rangi za baiskeli. Kiswahili chetu hakibagui: rangi ya kupaka mlango ni rangi ya mafuta, na rangi ya wachoraji wa Ulaya nayo ni rangi ya mafuta. Lakini ile ya mlango inakauka upesi. Ile ya wachoraji, ikipakwa nene, inaweza kukaa wiki nyingi ngozi ya juu imekauka na chini bado ni mbichi. Kijana wa Mwenge alinionya. Mimi, kwa haraka ya safari, nikaifunga picha kwa khanga ya mke wangu, nikaizungushia na boksi la kadibodi. Utaona kilichotokea.

"HUYO SI JINI HUYO?"

Kutoka Dar mpaka Masasi ni zaidi ya kilomita 500. Tuliondokea Mbagala bado giza. Kondakta alipouona mzigo wangu akataka nilipie nauli ya televisheni. Nikamwambia ni picha. Hakuamini. Ikabidi nifungue hapo hapo, taa ya basi ikamwangaza mpigaji wangu, mdomo wazi.

Mama mmoja wa kiti cha mbele akajiinamia. "Ee Mola! Huyo si jini huyo?"

"Ni mwanamuziki, mama."

"Mwanamuziki gani vidole viwili?"

Basi zima likacheka, na mimi nikacheka. Tangu hapo mpaka Nangurukuru hakuna aliyeniita kwa jina. Nilikuwa "baba jini".

Barabara ya kusini siku hizi ni ya kusinzia, lakini wazee wenzangu wanakumbuka. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea abiria walilala njiani siku kadhaa, wakipika kando ya magurudumu. Daraja hilo lina jina la mtoto wa Masasi: Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso mwaka 1938, na ndiko alikozikwa Julai 2020. Pale Mnazi Mmoja, njia ya Lindi na Mtwara tukaiacha, tukakata kulia kuelekea bara. Tukapita Ndanda, kwenye misheni ya Wabenediktini, na jua likiwa linashuka yakaanza kuonekana mawe.

Kama hujafika Masasi, fikiria nchi tambarare yenye mikorosho, kisha katikati yake mtu kashusha majabali makubwa kama nyumba za ghorofa, meusi, mapara, yamejipanga. Mji umejibana katikati yake. Chini ya majabali hayo Waingereza wa misheni ya UMCA waliwaleta watumwa waliokombolewa mwaka 1876 ili waanze maisha mapya. Ndiyo maana Mmasasi akikuhadithia ukoo wake usishangae ukianzia Nyasa.

Stendi nikapokelewa na binamu yangu. Ming'oko ya kuchemsha ilikuwa inauzwa kwenye mabeseni. Mizizi ile ya porini ukiitafuna siku moja, Dar es Salaam utaikumbuka mwaka mzima! Lakini binamu hakunipa nafasi ya kutafuna. "Twende, kaka. Muda wa kuona wagonjwa unakwisha."

WODINI

Mkomaindo kwa watu wa Masasi ni hospitali. Mtu akisema "yuko Mkomaindo", jamaa wanauliza wodi gani. Tulivuka uwanja, kina mama wamekaa chini ya mti na vyombo vya chakula, tukaingia.

Mjomba alikuwa kitanda cha karibu na dirisha. Amekonda. Mkono wa kushoto umefungwa bandeji, umewekwa juu ya mto.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Wamekuita uje unikate?"

Sikuwa na jibu. Mke wa mjomba, aliyekaa kwenye mkeka ubavuni, akainama kuficha uso.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi wa sita mjomba alikuwa akifyeka chini ya mikorosho yake, panga likamgusa kidole cha kati. Jeraha dogo, akalifunga kitambaa, akaendelea. Hakusikia maumivu, akadhani ni nafuu. Kumbe kisukari ndivyo kilivyo, wandugu. Kikikaa mwilini muda mrefu bila kudhibitiwa, kinaua mishipa ya fahamu, mtu haumwi palipo na kidonda, na kinabana mishipa ya damu, kidonda hakiponi. Mpaka alipoteremka Masasi kwa binti yake, kidole kilikuwa cheusi. Daktari alimweleza bila kuzunguka: leo ni kidole, akichelewa utakuwa mkono, akichelewa zaidi...

"Nimemsikia," mjomba akasema. "Nimesema ngoja kwanza."

Nikaona sasa ni wakati wa zawadi. Nikafungua kadibodi, nikafungua khanga. Lahaula! Nyuzi za khanga zilikuwa zimeng'ang'ania rangi mbichi. Sikio la kulia la mpigaji limeota manyoya mekundu. Mjomba akaisogeza picha kwa mkono mzima, akaitazama muda mrefu. Wagonjwa wenye nguvu wakasogea. Mmoja alikuja na chupa yake ya dripu, ndugu yake kaishika juu kama bendera.

"Mbona hafanani na mtu?" akauliza kijana wa kitanda cha pili.

Nikajitia mwalimu. Nikawaeleza kwamba hata Ulaya kuchora mtu kwa kumfananisha walishakuchoka zamani. Kuna Mhispania, Pablo Picasso, mwishoni mwa 1903 kuingia 1904 alimchora mzee kipofu mpiga gitaa, amekunjamana kama nguo iliyokamuliwa, mwili wote bluu, gitaa peke yake ndilo la kahawia. Picha hiyo, ya rangi ya mafuta juu ya ubao, iko Chicago, Marekani. Mwaka 1921 akachora wanamuziki watatu kwa vipande vipande kama karatasi zilizokatwa na mkasi, mwili wa huyu na wa yule huvitofautishi. Na kabla ya hapo, mnamo 1907, alikuwa ameshaziona barakoa za Afrika kwenye makumbusho ya Paris, na sura alizochora hazikurudi kama zamani.

Mzee mmoja wa Kimakonde kwenye kona, ambaye nilidhani amelala, akasema bila kufungua macho: "Lipiko nalo halifanani na mtu. Lakini likitoka kucheza, nani anauliza linafanana na nani?"

Wodi ikanyamaza. Somo langu la Picasso lilikuwa limefungwa kwa sentensi mbili na mtu aliyelala.

Nikaona nitumie upenyo huo. Nikamwambia mjomba: "Umemwona huyu? Mkono una vidole viwili, na huu viwili, na bado anapiga mpaka mguu umenyanyuka. Wewe ukikubali utabaki na tisa! Hata Lilanga, mwenye mtindo huu, kisukari kilimfikisha kukatwa mguu, lakini hakuacha kuchora."

Mjomba akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyeanguka kwenye tope.

"Mchoraji hachori kwa mguu," akasema. "Mpwa wangu, umesoma, lakini hujasikiliza."

Akanyanyua mikono yote miwili, ule mzima na ule wa bandeji, kama aliyeshika kitu kisichoonekana.

"Malimba yanapigwa kwa dole gumba. Hili na hili. Ndiyo unayoyaona wewe uliyekaa mbele, na ndiyo aliyoyaona huyu aliyechora. Hakukosea. Lakini nyuma ya boksi kuna tundu. Vidole vingine viko kule, vimeshika boksi, na kimoja kinaziba tundu na kuzibua. Ukiziba, sauti inaingia ndani kama mtu anayenung'unika. Ukizibua, inatoka. Bila kidole hicho unagonga vyuma tu. Mtoto yeyote anaweza kugonga vyuma."

Akateremsha mkono wa bandeji taratibu juu ya mto.

"Kidole chenyewe ni cha kati. Cha kushoto. Ndicho wanachokitaka."

Wallahi, msomaji, nilitamani ile khanga inifunike mimi. Tulikuwa tumemwona mkaidi. Binti yake alidhani anaogopa kisu, daktari alidhani ana imani za kishirikina, na mimi nilikuja na mahubiri tayari. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kidole hicho kinafanya kazi gani.

Muuguzi akapiga makofi, muda umekwisha. Nilipokuwa natoka mjomba akaniita. Macho yake bado yalikuwa kwenye picha.

"Kesho panda Newala. Malimba yangu yametundikwa chumbani, nyuma ya mlango. Kaniletee. Nataka kuangalia kitu."

"Daktari anasema siku zinahesabika, mjomba."

"Basi panda gari la kwanza."

JUU YA UWANDA

Nikapanda Hiace ya asubuhi. Ukitoka Masasi kwenda Newala unaliona jambo ambalo ramani haisemi: unaikwea nchi. Huku chini joto na majabali, kisha gari linaanza kunguruma, kona baada ya kona, masikio yanaziba, na ghafla uko juu, hewa ya baridi, udongo wa mchanga mwekundu na mikorosho kila upande. Huo ndio uwanda wa Wamakonde. Wazee wetu walijichimbia huku juu wakiyakimbia mateka na vita vya utumwa, na gharama waliyoilipa ni maji. Mvua inanyesha, mchanga unainywa yote. Vizazi kwa vizazi mama zetu waliteremka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Mtu wa uwanda hamwagi maji ovyo, hata awe na bomba.

Njia hizo hizo alizipita mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Alizunguka Masasi mpaka Newala na mashine ya kurekodi sauti kwenye mitungi ya nta, akiwaimbisha watu mbele ya pembe ya bati. Vilevile aliwagawia karatasi na penseli, akawaambia wachore. Nyimbo na michoro ikaenda Ulaya. Nikiwa kwenye Hiace nilijiuliza: kati ya waliochora, je, kulikuwa na aliyemchora mpigaji? Na kama alimchora, alikaa mbele au nyuma?

Nyumbani kwa mjomba nikayakuta malimba yalipoelekezwa. Ni madogo kuliko nilivyoyakumbuka utotoni. Boksi la mti mwepesi, limekuwa jeusi kwa jasho la viganja. Vyuma vyake ni vya mwamvuli wa zamani, vimepondwa bapa. Mbele kuna kitundu kilichofunikwa utando mweupe, ule wa mayai ya buibui, ndio unaofanya sauti itetemeke kama inzi kwenye kopo. Nikayageuza. Kumbe kweli! Tundu la nyuma lipo, ukubwa wa senti, na ukingo wake upande mmoja umelika, umekuwa laini kama ulimi. Nikaweka kidole changu cha kati. Kikaingia kwenye mlango ule kama mguu kwenye kiatu cha mtu mwingine.

Nimemsikia mjomba akipiga malimba tangu sijaanza shule. Sikuwahi kuyageuza hata siku moja.

Gari la kurudi lilikuwa bado, nikatembea mpaka Shimo la Mungu. Ni pale ambapo uwanda unakatika kama mkate. Unasimama ukingoni, chini yako nchi inaporomoka, miti mikubwa inakuwa nyasi, na mbele kabisa, kwenye ukungu, ni bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji, walikotoka Wamakonde wengi. Upepo ulikuwa unapanda kutoka shimoni. Nikiwa nimesimama na malimba mkononi, upepo ukapita kwenye lile tundu, boksi likanguruma kidogo lenyewe. Sitii chumvi. Nikalifumba haraka kwa kiganja, kama mtu aliyekutwa anasoma barua isiyo yake.

KINACHELEWA

Nilifika Mkomaindo saa kumi na moja jioni. Muuguzi mkuu alipoona malimba akakunja uso, kisha akatutaka tutoke nje, chini ya mti, wagonjwa wengine wasisumbuliwe. Wasisumbuliwe! Nusu ya wodi ilitufuata. Yule mzee wa kona akaja na mkongojo wake. Kijana wa kitanda cha pili akabeba picha, sijui nani alimtuma, akaiegemeza kwenye shina.

Mjomba akakaa kwenye benchi. Mke wake akamsaidia kuuweka mkono wa kushoto chini ya boksi, bandeji na yote. Kidole cha kati kikabaki kimenyooka pembeni, hakigusi kitu. Nikaelewa alichotaka kuangalia. Alikuwa anajifanyisha kwamba kimekwishakatwa.

Akaanza kwa dole gumba. Vyuma vikalia kavu. Akasimama. Akasogeza kidole cha pete, kikatafuta tundu, kikalikosa. Akajaribu tena. Kikaziba, lakini sauti ilikuwa imekwishapita. Akatikisa kichwa. Tena. Tena. Uso ulikuwa unatoka jasho. Mke wake akasema, "Pumzika, baba," yeye hakusikia.

Sijui ilikuwa mara ya ngapi. Nilichosikia ni kwamba sauti moja, moja tu, iliingia ndani, ikanung'unika, ikatoka. Yule mzee wa kona akaitikia kooni, "Mmh." Mjomba akaacha kupiga pale pale.

"Kinachelewa," akasema.

Hakuna aliyejibu.

"Kinachelewa. Lakini hata mtoto huchelewa kutembea." Akamgeukia binti yake. "Mwite huyo daktari."

Daktari alikuja na fomu. Mjomba akauliza swali moja tu: kidole cha pete kitabaki salama? Daktari akakishika, akakiminya, akakitazama rangi, akasema kikatwe hicho kimoja kesho asubuhi na sukari ishuke, cha pete kitabaki. Akaongeza kwamba wakingoja wiki nyingine hatamwahidi kitu. Ukaletwa wino. Mjomba akaweka dole gumba la kulia kwenye fomu, lile lile la kupigia.

Usiku ule nilimuuliza kwa nini picha imemfanya aagize malimba, maana mimi ndiye niliyeileta na sikuwa na akili hiyo. Akacheka kidogo.

"Huyo mtu wako nilimtafuta mkono wa nyuma, sikuuona. Nikasema, basi na mimi siujui. Miaka hamsini kidole kinafanya kazi gizani, sijawahi kukiuliza mwenzake kama anaweza."

MSUMARI

Kilikatwa kesho yake, salama. Nilikaa siku nne nikarudi Dar. Picha niliiacha. Mjomba alikataa nisiunyofoe uzi wa khanga sikioni, ati unampa mpigaji heshima.

Mke wangu aliuliza habari za khanga yake, nikamwambia sehemu yake imebaki kwenye sanaa. Hakufurahi. Akauliza na ule msumari mtupu ukutani unangoja nini. Nikasema uache.

Mwezi uliopita, usiku, simu ikalia. Namba ya binamu. Moyo ukashtuka, simu za usiku za kusini nazijua. Lakini hakusema mtu. Kulikuwa na ukimya, mkwaruzo, mtu anakohoa mbali. Kisha malimba. Dole gumba liko vile vile, linatembea. Sauti inaingia, inatoka, inaingia... mara moja moja ikichelewa, na ikichelewa anaingojea, halafu wanakwenda pamoja. Zamani haikuwepo hiyo ya kungoja. Sasa ipo.

Ikakatika. Nadhani salio lilikwisha.

Msomaji wangu, kama una mzee nyumbani mwenye kisukari, mkague miguu na vidole kila siku, hata akisema haumwi. Hasa akisema haumwi. Na kama anakataa jambo, kabla hujamwita mkaidi, zunguka kwanza nyuma ya boksi.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.